Walimjua kwa mbio zake, namba ya mkewe hawakuwa nayo

Kwa miaka minne, wanachama wa klabu moja ya jogingi ya Tabata, jijini Dar es Salaam, walimwita Kijana. Jina lilianza kama utani. Ana miaka 61 na kichwa kimejaa mvi, lakini mchakamchaka ukianza saa 11:30 alfajiri yeye huwa mstari wa mbele, nyuma tu ya mpuliza filimbi, akiitikia nyimbo kwa sauti inayowashinda vijana wa miaka ishirini na kitu.

Walidhani wanamjua. Walijua kasi yake, walijua raba zake za bluu zilizoshonwa mara mbili na fundi viatu, walijua hapendi soda. Walijua pia kuwa baada ya mazoezi, wenzake wakikaa kwenye supu ya mbuzi na chapati, yeye huagiza supu tupu, anaimaliza haraka na kuaga. Wengine walisema ni ubahili. Wengine walisema ndiyo siri yake ya kutoota kitambi.

Nyumbani, mkewe alimjua kwa namna nyingine. Alijua vidonge vyake na saa za kuvimeza, tarehe za kliniki, na daftari la kurasa 48 ambamo mume huandika vipimo vyake vya sukari kila baada ya siku kadhaa. Ila hakumjua hata mmoja kati ya watu ambao mumewe alikuwa akiondoka nao gizani mara tatu kwa wiki.

"Nilikuwa nasikia filimbi tu," anasema. "Filimbi ikipita anatoka, ikirudi anaingia. Hao watu wenyewe ni akina nani, sijui."

Pande hizo mbili zilikutana Jumamosi moja alasiri, mmoja akiwa gengeni kwake Tabata na wengine ufukweni Bagamoyo. Zilikutana kwa simu, na mazungumzo yenyewe hayakuanza vizuri.

Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa klabu hizi. Ukitoka mapema mwishoni mwa wiki utakutana nazo barabarani, fulana za rangi moja, wimbo mmoja, na kijana mwenye kitambaa chekundu anayesimamisha magari kwenye makutano. Kuna wanaokuja kwa sababu daktari amewaambia. Kuna wanaokuja kwa sababu ya supu. Na mara moja au mbili kwa mwaka klabu nyingi huandaa safari ya siku moja, watu wanadunduliza michango, Coaster inakodiwa, sufuria zinapakiwa, familia zinaachwa nyumbani.

Safari hizo huleta maneno ndani ya ndoa. Mchakamchaka wa alfajiri hauna shida, mtu anarudi kabla chai haijapoa. Lakini siku nzima ufukweni, na watu wa jinsia zote, tena kwa mchango wa Sh40,000 ambao ungelipia umeme na gesi, hiyo mke au mume aliyeachwa nyumbani lazima aiulize. Mke wa Kijana aliuliza. Alijibiwa kuwa ni michezo. Akanyamaza, akafungua genge lake kama kawaida.

Kwa upande wa klabu, sababu ya kusafiri ni tofauti kidogo na michezo. Mwenyekiti wao, fundi magari mwenye miaka 45, anaieleza kwa lugha yake: "Ukikimbia unaona mgongo wa mwenzako. Unaweza ukamfuata mtu mwaka mzima ukajua mgongo tu. Kwenye gari ndiyo unamwona uso."

Walikuwa 27. Makubaliano yalikuwa kuondoka saa 12 asubuhi, na waliondoka saa 1:40, kwa sababu kuna aliyesahau viungo vya pilau na kuna aliyesema yuko njiani akiwa bado anaoga. Kijana alikuwa wa kwanza kufika kituoni. Alishakunywa chai ya rangi na andazi moja saa 11:30, akameza dawa yake ya kisukari kama anavyofanya kila siku, akatoka.

Garini, walipopita Mwenge na kuishika barabara ya Bagamoyo, mweka hazina alianza kugawa kifungua kinywa. Ni mama wa watoto wawili mwenye duka la nguo, mkali wa hesabu, na alikuwa amepanga kila mtu apate soda moja na maandazi mawili. Kijana alirudisha soda, kama siku zote. Maandazi aliwapa vijana wa kiti cha nyuma. Alijua akila ya pili asubuhi hiyo sukari itapanda, na chakula cha mchana kilitangazwa kuwa saa 7 kamili.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni saa 7 kamili.

Bagamoyo ni kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Walianzia Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale, ambako kuna msikiti uliojengwa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe yanayotazama mikoko. Hapo ndipo klabu ilipopata mshangao wa kwanza wa siku. Mtembeza wageni alikuwa na kundi jingine, watu wakaanza kupiga picha na kuondoka, na Kijana akasema, "Ngojeni kidogo." Akaanza kueleza. Alieleza biashara ya pwani, jinsi jahazi zilivyosubiri pepo za kaskazi na kusi, kwa nini mji huu ulififia na Bagamoyo ukachukua nafasi. Alizungumza bila karatasi, akitembea kinyumenyume mbele yao, akiinua kidole mtu wa nyuma alipopiga soga.

"Tukaanza kutazamana," anasema kocha wao, kijana wa miaka 26. "Nikamuuliza, mzee, wewe ni nani kwani? Akasema nimefundisha historia sekondari miaka 33. Miaka minne nampulizia filimbi mtu wa namna hiyo, sijui."

Kutoka hapo hakuna aliyemwita Kijana tena siku ile. Akawa Mwalimu. Kwenye mbuyu mkubwa wa Kaole kocha aliwaambia kuwa anayeuzunguka anaongezewa miaka, basi Mwalimu akauzunguka mara tatu kwa mbio huku wenzake wakimhesabia. Wakaenda Misheni, iliyoanzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, na ambako mwili wa David Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wakapita kwenye Boma la Wajerumani, wakaelezwa kuwa mji huu mdogo ndio uliokuwa makao makuu ya utawala wao hadi mwaka 1891. Mwalimu hakuchoka. Kwa mtu aliyestaafu mwaka uliotangulia, na ambaye tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu jahazi, ile ilikuwa kama kurudishiwa darasa.

Saa 7 walipofika ufukweni, kuni zilikuwa zimelowa. Ili kupunguza gharama klabu ilikuwa imekuja na mchele na mbuzi wake, na wanawake watatu na mwanamume mmoja walitangulizwa kupika. Mvua ya usiku ilikuwa imeikuta kuni nje. Moshi ulikuwa mwingi, moto kidogo. Saa 8 mtu aliulizia, akaambiwa pilau haiharakishwi. Saa 9 hakuna aliyeuliza tena, watu walikuwa kwenye kuvuta kamba, wanaume waliozidi miaka 40 dhidi ya vijana, na wazee walikuwa wanashinda.

Mwalimu alikuwa mtu wa mwisho kwenye kamba, yule anayejifunga kiunoni. Vuta ya tatu aliiachia kamba bila sababu. Timu yake ilianguka mchangani, kelele na vicheko, naye akabaki amesimama akiitazama mikono yake.

Alikuwa anatetemeka. Fulana ilikuwa imelowa chapachapa, lakini jua lilikuwa limeshapoa na upepo ulikuwa unavuma. Walipomwambia akae alijibu kwa ukali ambao hawakuwahi kuusikia kwake: "Niacheni, msinishike." Baada ya muda mfupi akaanza kusema mambo ya mitihani, kwamba karatasi hazijakusanywa. Mmoja wa vijana akanong'ona kuwa mzee atakuwa amekunywa kitu. Mwingine akasema ni mbuyu, hawakupaswa kuuchezea.

Mtu akasema apigiwe mkewe. Hapo ndipo walipotazamana kwa mara ya pili siku hiyo. Watu 26, miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba ya mkewe. Simu ya Mwalimu ilikuwa kwenye mkoba wa mweka hazina, pamoja na simu nyingine za waliokuwa wakicheza, na ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri.

Saa 9:40 simu hiyo ikaita yenyewe. Kwenye kioo iliandika "Nyumbani". Mweka hazina akapokea.

"Haloo?"

Kimya. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu: "Wewe nani?"

"Hata ningekuwa mimi ningeuliza," anasema mweka hazina, ambaye sasa anaweza kucheka. "Unampigia mumeo yuko ufukweni, anapokea mwanamke, nyuma kuna muziki. Ungefanyaje?"

"Wewe nani, na mume wangu yuko wapi?"

"Shemeji, mimi ni mweka hazina wa klabu. Mzee hayuko sawa. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, tunamwongelesha anajibu vitu havieleweki."

Mke wa Mwalimu anasema wivu ulimtoka palepale, akabaki na hofu peke yake. "Amekula?"

"Chakula ndiyo kinaiva, shemeji."

"Tangu asubuhi hajala? Mdogo wangu, mume wangu ana kisukari. Mpe soda. Ile ya sukari, siyo ile nyingine. Mpe sasa hivi."

Mweka hazina akapaza sauti soda iletwe, na neno kisukari likawafika waliozunguka. Mwenyekiti akaidaka chupa hewani. Yeye alijua jambo moja tu kuhusu kisukari, na ndilo wanalolijua wengi: mgonjwa wa sukari hapewi sukari. "Ana kisukari halafu mnampa soda? Mnataka kumuua?" Kuna waliomuunga mkono. Mmoja alisema shangazi yake alikufa hivyohivyo. Chupa ikashikwa na mikono miwili, kila mmoja akivuta upande wake, na aliyeihitaji akiwa amekaa chini anawaambia wakusanye karatasi.

Mweka hazina akaweka simu kwa sauti ya juu. Ufukwe mzima ukasikia: "Nyie! Mimi ndiye ninayelala naye! Mpeni soda!"

Akapewa.

Mke alikuwa sahihi. Mwenyekiti alikuwa na nia njema na angeweza kumpoteza. Dawa nyingi za kisukari hupunguza sukari kwenye damu, na baadhi yake huendelea kuishusha hata kama mtu hajala. Aliyemeza dawa ya namna hiyo asubuhi, akatembea, akakimbia, akavuta kamba, na akakaa saa kumi na andazi moja tumboni, sukari yake inaweza kushuka chini ya 3.9, kipimo ambacho madaktari hukihesabu kuwa ni cha hatari. Ubongo ndio unaoumia mapema, kwa sababu chakula chake kikuu ni hiyo sukari. Ndiyo maana mtu hutetemeka, hulowa jasho la baridi, huwa mkali bila sababu, huongea ovyo. Wengi hudhaniwa wamelewa. Anayeweza kumeza hupewa haraka kitu chenye sukari, kama vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, akaangaliwa kwa dakika 15, akapewa tena ikiwa bado, kisha akala chakula kamili. Aliyepoteza fahamu hawekewi chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Mwalimu alikunywa nusu ya chupa huku nyingine ikimmwagikia kifuani. Ilichukua kama robo saa. Kisha akaitazama chupa mkononi mwake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani kanipa soda?"

Kuna aliyecheka na kuna aliyelia. Mkewe, ambaye hakuikata simu muda wote huo, alimsikia akiuliza hivyo, akakaa kwenye gunia la vitunguu gengeni kwake na kushindwa kusimama. Wateja walijihudumia.

Walimpeleka hospitali hata hivyo, na walifanya vizuri. Alikuwa anatumia glibenklamaidi, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu, ambayo kazi yake huendelea kwa saa nyingi, hivyo sukari inaweza kupanda kwa soda kisha ikashuka tena usiku mtu akiwa amelala. Katika orodha yake ya dawa muhimu, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka angalizo kuwa dawa hiyo haifai kwa waliozidi miaka 60. Si dawa ya kuiacha mwenyewe nyumbani, ni swali la kumpelekea daktari wako. Mwalimu alitimiza miaka 61 akiwa hajawahi kuliuliza. Daktari wa zamu aliamua abaki chini ya uangalizi hadi usiku.

Makubaliano na dereva yalikuwa saa 12 jioni wawe wameshaingia Dar es Salaam. Dereva alitaka nyongeza, wakamchangia hapohapo. Mmoja wa vijana alikuwa na kikao cha harusi, tena ya kaka yake, na ndiye aliyekuwa katibu. Alipiga simu moja, akarudi kukaa. Pilau ilikuja na sufuria lake kwenye pikipiki ya matairi matatu, ikaliwa nje ya geti la hospitali kwenye vifuniko na mifuko, ikiwa na ladha ya moshi. Mwenyekiti hakula. Alikuwa bado anaiwaza ile chupa.

Hakuna aliyependekeza kwamba wengine watangulie.

Saa 4:30 usiku Coaster iliingia kituoni Tabata. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama pale na jirani yake, amejifunga khanga mbili. Alimshika mumewe mkono. Hakumsalimia mtu yeyote, wala hakusema asante. Waliondoka.

Amri ya nyumbani ilikuwa fupi: mbio basi. Mwalimu hakubisha. Kliniki walimbadilishia dawa na kumpa maelekezo mapya, na kwa wiki tatu alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote. Lakini saa 11:30 alfajiri macho yalikuwa yanafunguka yenyewe. Alikuwa anatoka chumbani na kwenda kukaa sebuleni gizani, bila kuwasha taa. Filimbi inapita. Filimbi inarudi. Anabaki amekaa.

Juni 2025 tume ya WHO inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilitoa ripoti iliyosema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unadhuru mwili, moyo na ubongo vikiwemo. Mke wa Mwalimu hakuisoma. Yeye alisoma daftari la kurasa 48. Vipimo vilikuwa vinapanda kidogo kidogo, wakati mtu yuko nyumbani, anakula anachopewa na kumeza dawa kwa saa yake. Na alikuwa ameacha kutania. "Alikuwa ananiitikia tu," anasema. "Nikasema huyu nimemponya kitu kimoja nimempa kingine."

Jumapili ya tatu jioni, mwenyekiti, mweka hazina na kocha walibisha hodi. Walikuja kama watu wanavyokwenda kumwona mgonjwa, hawakuja mikono mitupu. Mweka hazina aliweka mfuko mezani. Mwenye nyumba akautoa vitu kimoja kimoja kwa heshima: sabuni, majani ya chai, na kilo mbili za sukari.

Alizishika zile kilo mbili. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari. Kocha, ambaye ndiye aliyetumwa dukani, akasema taratibu, "Mungu wangu." Hapo mama wa watu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na wageni nao wakaona sasa wanaweza kukaa.

Lakini kicheko kilipoisha aliuliza alichokuwa amekiweka moyoni kwa wiki tatu.

"Miaka minne mnakimbia na mume wangu kwenye giza. Siku ile nilipiga mimi, kwa sababu kila mchana nampigia kumuuliza kama amekula. Angeanguka barabarani alfajiri, simu yake imefungwa, mngempigia nani?"

Mwenyekiti alifungua mdomo akaufunga. Kocha alikuwa anatazama zulia.

"Na wewe," akamgeukia mumewe, "uliwaambia?"

Mwalimu alichukua muda. Alisema aliwahi kutaka kuwaambia, mwaka wa kwanza. Kisha wakampa lile jina. "Ukishaitwa Kijana, utaanzaje kusema una sukari? Watakuhamishia nyuma, na wale wanaotembea. Wataanza kukuuliza hali kila asubuhi. Na wanaume wenyewe mnawajua, ukisema sukari wanacheka, wanafikiria mambo ya chumbani." Mkewe alisema, "Kwa hiyo uliona bora ufe kijana." Hakuna aliyecheka hiyo.

Alimruhusu, kwa masharti. Kila mwanachama aandike namba ya mtu wa nyumbani kwake na ugonjwa alio nao, na karatasi hiyo iwe kwa mweka hazina. Kwenye safari, chakula kikisemwa saa 7 kiwe saa 7, au waseme ukweli mapema watu wajue. Mwenyekiti alitaka kuongeza kuwa sasa watakuwa wanabeba soda, akaambiwa na mwenye nyumba, "Wewe usiguse soda."

Karatasi ilizungushwa kwenye mazoezi ya Jumamosi iliyofuata. Mweka hazina alitegemea ingebaki tupu, watu wangeona aibu. Mwalimu aliandika wa kwanza, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Iliporudi ilikuwa na presha tisa. Wawili kati ya hao wakakiri kuwa siku ya safari walikuwa hawajameza vidonge vyao, vile vinavyoongeza haja ndogo, wakihofia kuomba gari lisimame kila baada ya dakika 20. Mwanamke mmoja ambaye kila mtu alidhani ni mvivu wa vilima aliandika moyo. Na kocha mwenyewe, mpuliza filimbi, aliandika kwa herufi ndogo sana mwishoni: pumu.

Namba ya mtu wa nyumbani ndiyo iliyowasumbua wengine zaidi ya ugonjwa. Kuna mwanamume aliyekaa na kalamu kwa muda, akaiandika, akaikata, akaandika namba ya dada yake. Mweka hazina hakumuuliza kitu.

Miezi minne baadaye walikwenda Kigamboni, safari fupi, pantoni na bajaji. Mke wa Mwalimu alialikwa na kukataa. Mbio hana, alisema, na genge halijiuzi. Lakini alikuwa na namba ya mweka hazina, na sasa hamwiti mweka hazina, anamwita mdogo wangu.

Saa 7:10 mchana, watu wakiwa kwenye mikeka, simu iliita. Haikuwa ya Mwalimu.

"Amekula?"

"Anakula, dada. Nipo naye hapa."

"Anakula nini?"

"Samaki, mchicha, na wali kidogo."

"Wali kidogo kiasi gani?"

Mweka hazina alimtazama Mwalimu, ambaye alikuwa ameacha kutafuna. Akaitazama sahani yake, akaitazama tena.

"Ngoja dada," akasema, "nimwambie apunguze."